Goma hadi Kiwanja: wazee wawili kwenye barabara ya vita

Barabara ya taifa namba 2, kipande cha kutoka Goma hadi Rutshuru, ni kama kilomita 70. Wengi wenu mnaosoma haya mnaijua kwa miguu kuliko kwa gari. Mliishuka na godoro kichwani, mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Mlipofika Kanyaruchinya mkaanza kufunga turubai, pengine hamkuambiwa kwamba mahali pale palikuwa na kambi kama yenu miaka 10 nyuma, na kwamba kambi ile nayo ilikimbiwa usiku mmoja.

Tumezoea kusema vita vya kwetu havina akili. Mimi naona vina akili mbaya, lakini vinayo. Vinarudi mahali palepale, kwenye vilima vilevile, mara nyingine kwenye mwezi uleule wa Oktoba au Novemba. Mwenye kuijua historia ya barabara hii hawezi kuzuia risasi, ila anajua kwa nini zinalia Kibumba kabla ya kulia Goma.

Hivi karibuni nimepita huko pamoja na wazee wawili, mume na mke, wote wamestaafu. Mume alifundisha historia katika shule za sekondari za Rutshuru, mke alikuwa muuguzi. Wamekimbia nyumba yao mara 4: 1996, 2008, 2012 na 2022. Kambi za hapa Goma zilipovunjwa Februari 2025 walihamia kwa mtoto wao Ndosho, na tangu hapo hawakuwa na wazo lingine ila kwenda kuona kiwanja chao cha Kiwanja. Wameomba majina yao yasiandikwe. Wakati tulionao, sikuwauliza sababu.

Mwalimu huhesabu vita kwa majina ya wakubwa: vita vya Mzee Kabila, vita vya Nkunda, vita vya M23 ya kwanza, vita vya M23 ya pili. Mama huhesabu kwa kile alichobeba. 1996 alibeba kitinda mimba wake. 2008 alibeba kadi za chanjo za watoto wa mtaa mzima, kwa sababu ndizo zilizokuwa mezani. 2012 hakubeba kitu, alikuwa zamu ya usiku. 2022 alibeba cheti cha ndoa na cherehani, akaiacha cherehani Rugari.

Gari lilijaa Majengo saa mbili asubuhi. Tukapita Buhene, ambako lava ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021 bado imelala nyeusi juu ya viwanja vya watu, na chukudu zinapita juu yake zikiwa zimebeba makala. Mama akakumbusha jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Siku ile serikali ilipotoa amri ya kuhama mji, tarehe 27 Mei, watu wa Goma wengine walikimbilia Sake, wengine Rwanda, na wengine walipanda barabara hii kwenda Rutshuru. Nyumba yake ya Kiwanja ililaza watu 19. "Mara moja tu barabara iligeuka," alisema. "Nyinyi ndio mlikuja kwetu."

Baada ya Kanyaruchinya tukafika Kibati. Hapo Mwalimu akamwomba dereva asimame dakika 5, na dereva akakubali kwa shingo upande.

Kibati ya leo ni mashamba, nyumba za mbao na watoto wanaouza mkaa. Mwaka 1916 palikuwa makao makuu ya jeshi. Mpaka kati ya Kongo ya Wabelgiji, Ruanda ya Wajerumani na Uganda ya Waingereza ulikuwa umekatwa na wazungu wenyewe mwaka 1910, mezani Brussels. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika huku, Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi mnamo Septemba 1914, wakajichimbia upande wa Gisenyi. Kwa mwaka mmoja na nusu majeshi mawili yalitazamana hapa, Wabelgiji upande huu na Wajerumani upande ule, ziwa likiwa chini yao. Jenerali Charles Tombeur aliyeongoza Force Publique aliweka makao yake Kibati, akapanga njia ya kuingia Ruanda. Aprili 1916 vikosi vikaanza kuvuka. Tarehe 6 Mei vilikuwa Kigali, na tarehe 19 Septemba viliingia Tabora, katikati ya Tanzania ya leo.

Waliokwenda hadi Tabora hawakuwa wazungu tu, hata kidogo. Askari walikuwa Wakongo, na nyuma yao wapagazi zaidi ya laki 2, watu wazima na vijana waliochukuliwa vijijini kubeba risasi, unga na mizinga iliyofunguliwa vipande. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa baridi ya milimani na kwa njaa, si kwa risasi. Tombeur alipewa cheo cha ubaroni mwaka 1936, na jina la Tabora likaunganishwa na jina lake. Ana mnara huko Saint-Gilles, mjini Brussels. Mwalimu anasema babu yake mzaa mama alibeba sanduku kutoka Rutshuru na hakurudi, na nyumbani kwao walikuwa wakimtaja kila wakati mvua ya kwanza inaponyesha. Zaidi ya hapo hawana habari.

Kibati haikumalizika na Wabelgiji. Tarehe 29 Oktoba 2008 CNDP ya Laurent Nkunda, baada ya kuteka Rumangabo na Rutshuru, ilisimama karibu na hapo na kutangaza kusitisha mapigano huku jeshi la serikali likiwa limekwisha kutimka. Waliokuwa Goma usiku ule wanakumbuka kwamba maduka yalivunjwa na wenye sare waliokuwa wakikimbia. Agosti 2013 vilima vya Kibati, kule kwenye antena tatu, viligombaniwa tena, safari hii na FARDC pamoja na brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Meja Khatibu Mshindo wa Tanzania alifia huko tarehe 28 Agosti. Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili lile lilikuwa jambo la ajabu: askari aliyekuja kutoka nchi ambayo wapagazi wetu waliifikia kwa miguu, akafa kwenye vilima ambavyo safari ile ilipangiwa. Na tarehe 22 Februari 2021, kwenye eneo hilo hilo la antena kuelekea Kibumba, balozi wa Italia Luca Attanasio aliuawa pamoja na mlinzi wake Mwitalia na dereva wao Mkongo.

Kwa nini hapo, kila mara? Mwalimu alinichorea kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha gari. Kusini ni ziwa. Upande wa kushoto tunapopanda ni Nyiragongo. Upande wa kulia ni Mikeno na Karisimbi, na nyuma yake mpaka. Kati ya milima hiyo kuna mlango mmoja, na Kibumba iko katikati ya mlango. Jeshi likishuka kutoka kaskazini halina njia nyingine yenye upana wa kupitisha malori. Jeshi likilinda Goma halina mahali pengine pazuri pa kusimama. Akishapoteza Kibumba mlinzi wa Goma anabaki na Kibati, na akishapoteza Kibati anabaki na ukuta wa uwanja wa ndege. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2012: mapigano ya Kibumba yalianza upya katikati ya mwezi, na tarehe 20 Goma ilikuwa mikononi mwa M23. Januari 2025 mambo yalipitia zaidi upande wa Sake, barabara ya magharibi, na tarehe 27 mji ukaanguka. Lakini mlango wa Kibumba ulikuwa umekwisha kufungwa tangu 2022, na ndiyo maana malaki ya watu wa Rutshuru walikuwa Kanyaruchinya.

Kibumba ni baridi. Kabichi, karoti na viazi vinavyoliwa Goma vinatoka huko, na wanawake walikuwa wamepanga magunia barabarani kama kawaida. Mama hakununua chochote. Alikaa kimya, kisha akaanza kueleza habari za Julai 1994 bila mtu kumwuliza.

Kati ya tarehe 14 na 18 Julai mwaka ule watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma na pembezoni mwake. Kulikuwa na raia waliokimbia, na kulikuwa na watu waliofanya mauaji ya kimbari wakiwa bado na silaha na viongozi wao. Kambi zikafunguliwa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga. Kipindupindu kikafuata mara moja. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wanaokadiriwa kufika 50,000. Mama alitumwa Kibumba kusaidia kuweka serumu. Kibumba haina mto wala chemchemi ya kutosha watu wote wale, maji yalikuja kwa malori. Na ardhi ni jiwe. "Unaweza kuchimba kwa jembe hadi jembe likavunjika," alisema. Askari wa Ufaransa ndio walileta mashine za kuchimba makaburi ya pamoja, na maiti zilipangwa kandokando ya barabara zikiwa zimefungwa kwenye mikeka, zikisubiri lori. Mama anajua upande gani wa barabara. Alinyosha mkono kuelekea shamba la kabichi, halafu akaurudisha mkono mapajani.

Oktoba 1996 kambi ya Kibumba ilishambuliwa na kukimbiwa, watu wakasukumwa kwenda Mugunga. Mwanzoni mwa Novemba Goma ikawa ya AFDL, na Laurent-Désiré Kabila akaanza safari iliyomfikisha Kinshasa Mei 1997. Wengi wa waliokuwa kambini walirudi Rwanda katikati ya Novemba, wengine waliingia msituni magharibi na hawakuonekana tena. Hao nao wana ndugu wanaouliza.

Rugari tuliipita haraka. Kulikuwa na kizuizi, dereva akatoa alichotoa, tukaendelea. Mama alitafuta kwa macho nyumba alikoacha cherehani yake. Haikuwepo. Nguzo za umeme zinazotoka kwenye mtambo wa Matebe, ule wa maji uliofunguliwa mwaka 2015 na kuiwashia Goma taa, zinafuata barabara kwa mbali. Kila vita vinapopita waya zinakatika, na Goma inajua kwa giza kwamba huko juu kuna mapigano.

Rumangabo ina vitu viwili vinavyotamaniwa. Kimoja ni kambi ya jeshi iliyokuwa na maghala ya silaha. Kingine ni makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, ambayo ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la mfalme Albert, ikiwa ya kwanza barani Afrika kuitwa hifadhi ya taifa. CNDP iliingia kambini Oktoba 2008, M23 ikaingia 2012, FARDC ikairudisha mwishoni mwa Oktoba 2013, kisha mapigano yakarudi Mei 2022. Anayechukua Rumangabo anapata bunduki za kuendelea na safari. Mwalimu anasema hilo ni somo la mwaka wa pili wa sekondari na haliwahi kufundishwa.

Nilichotaka kuona Rumangabo ni jambo jingine. Walinzi wa mbuga zaidi ya 200 wameuawa kazini, na hifadhi inawahesabu, ina makaburi yao, ina majina, na wajane wao wanajulikana. Kwenye barabara nzima ya kilomita 70, hao ndio wafu pekee niliowajua ambao mtu fulani ameweka hesabu yao wazi. Kutoka Goma hadi hapo hatukuona kibao hata kimoja kinachosema hapa walikufa watu gani, mwaka gani.

Mazungumzo yakageukia Marekani, kwa sababu mpwa wao alipelekwa Kentucky kama mkimbizi na huwatumia picha kwenye simu. Picha moja ilimshangaza Mwalimu: wazee wa kizungu, mume na mke wenye kofia, wamesimama mbele ya mzinga wa zamani kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, wakisoma bango. Mahali pale ni Chickamauga, mpakani mwa Georgia na Tennessee. Septemba 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini, watu karibu 34,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea pale kwa siku chache. Mwaka 1890 serikali yao ilipitisha sheria ya kuhifadhi uwanja ule, na waliosaidia kuonyesha nani alisimama wapi ni askari wazee wa pande zote mbili. Leo wastaafu wa huko huzunguka na magari yao kutoka mji mdogo mmoja hadi mwingine, kutoka uwanja mmoja wa vita hadi mwingine, wanalala hotelini, wanakula, wanabishana.

Mwalimu alipenda sana jambo hilo la pande zote mbili. Nikamwambia huko nako hawajamaliza ugomvi. Mabango hayo kwa muda mrefu yalisimulia majenerali na kuwasahau watumwa ambao vita vilikuwa juu yao, na miaka ya karibuni sanamu kadhaa za wakubwa wa Kusini zimeng'olewa. Akasema ndiyo, lakini kwanza lazima liwepo bango ili watu waligombanie. Huku kwetu kila jeshi likipewa nafasi ya kuandika litaandika jina la kamanda wake.

Mama alikuwa akipiga hesabu yake. "Wao walisubiri miaka 25 ya utulivu ndipo wakaandika," alisema. "Sisi tangu 2013 hadi 2021 ni mingapi?"

Ni 8.

Rutshuru mjini tulisimama kidogo mbele ya hospitali kuu. Mama alitaka kushuka, kisha akabadili nia. Ndipo alipokuwa zamu Julai 2012, M23 ilipoingia siku mbili baada ya kuteka Bunagana. Mlango wa wodi ya wazazi haukufungwa usiku ule, alisema, na watoto watatu walizaliwa. Alijua uzito wa kila mmoja.

Kiwanja iko kilomita chache mbele, kwenye njia panda ya kwenda Ishasha. Kwa habari za Kiwanja nitaandika polepole, kwa sababu baadhi ya wasomaji walikuwepo.

Mwisho wa Oktoba 2008 CNDP iliichukua. Tarehe 4 Novemba Mai-Mai walishambulia, mapigano yakadumu hadi siku ya pili. CNDP ilipoishika tena iliamuru watu watoke mjini. Kisha wapiganaji wake wakapita nyumba kwa nyumba wakitafuta wanaume na vijana waliobaki, wakisema wote ni Mai-Mai. Mai-Mai nao walikuwa wameua watu waliowashuku. Wachunguzi wa haki za binadamu waliofika baadaye walihesabu watu wapatao 150 waliouawa katika siku mbili hizo. Kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ilikuwa karibu, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mwalimu aliokoka kwa sababu alikuwa amekwenda Nyanzale kumzika shangazi yake. Jirani zake wawili, baba na mwana, hawakuwa na msiba wa kwenda.

Miezi minne baadaye, tarehe 23 Machi 2009, serikali na CNDP walitia sahihi makubaliano Goma. Tarehe hiyo ndiyo ilizaa jina M23. Katika Kiwanja, Mwalimu anasema, watu walisikia kwenye redio kwamba wapiganaji wataingizwa jeshini na watapewa vyeo. Hawakusikia lolote kuhusu siku mbili za Novemba.

Nyumba yao bado imesimama. Mabati ya upande mmoja yameondoka, milango pia. Ndani tulikuta familia nyingine, mama na watoto 5 waliotoka upande wa Bambo, nao walikimbia. Yule mama alipotuona alianza kukusanya sufuria haraka, akidhani amekuja mwenye nyumba kumfukuza. Mama yetu akamzuia. "Keti, mwanangu. Sisi tumepita tu kusalimia." Wakakaa kwenye ubao mmoja. Mwalimu alizunguka nje akihesabu miparachichi. Miwili ilikuwa imekatwa.

Waliongea muda mrefu, kwa Kinyarwanda na Kiswahili vikichanganyika. Makubaliano yalikuwa haya: familia ibaki, itunze paa lililobaki, na mavuno ya maharagi yagawanywe. Hakuna karatasi. Dereva alikuwa anapiga honi, kwani hakutaka giza limkute Rugari.

Tulipokuwa tunaaga yule mama mgeni aliuliza swali moja. Choo cha zamani kimejaa na mume wake anataka kuchimba kingine nyuma ya nyumba, karibu na ua wa jirani, ambako udongo ni laini. Je, kuna ubaya?

Mama alichukua kijiti. Akaenda naye nyuma ya nyumba, akachora mstari kutoka kwenye shina la mparachichi hadi kwenye ua, hatua kama 6, akamwambia asichimbe upande ule, baba na mwana wako pale. Halafu akahesabu hatua 10 kwenda upande wa pili, akachoma kijiti ardhini.

"Chimbeni hapa," akasema.